Kabla Uinue Hiyo Gari, Pima Kwanza

Wasee, kuna swali moja nikimuuliza mwenye gari ndefu ya zamani, mara nyingi kimya kinaingia: hii imeinuliwa na nini? Saizi ya tairi ataniambia. Rangi ya springi pia. Lakini kile hasa kinachoishikilia juu, hajui. Na bado wikendi anapanga kuongeza inchi zingine mbili.

Msimamo wangu ni huu: usitoe doo ya kuinua gari kama hujui kilicho chini yake tayari. Mimi hupiga video za magari, najua vile gari ndefu inaleta kiki. Lakini kiki haishikilii gari kwa kona.

Hapa Kenya hii kitu ina uzito zaidi. Gari ya mtumba iliyozidi miaka 8 hairuhusiwi kuingizwa nchini. Kwa hivyo hiyo Land Cruiser 80 ya miaka ya 1990 unayoimezea mate haijashuka meli juzi. Imekaa hapa miaka, imepita kwa wenyewe kadhaa na mafundi kadhaa. Mmoja aliweka spesa, mwingine akaongeza bledi, wa tatu akakaza bolti na hakusema. Ukinunua, unanunua maamuzi ya watu usiowajua.

Sasa chukua tochi na futi ya kupimia. Egesha mahali tambarare, weka mawe kwa magurudumu, na usiwahi kuingia chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake.

Anza na bodi. Kati ya bodi na chasisi huwa kuna raba. Ukipata vipande vinene vya plastiki au chuma vimeongezwa hapo, basi bodi ndiyo imeinuliwa. Springi zinaweza kuwa bado zile za kiwanda.

Kama ni springi za bledi, kama za nyuma kwa Hilux pickup, angalia kati ya bledi na ekseli. Kuna kipande cha chuma kimewekwa katikati? Kuna bledi moja inang'aa kuliko zingine? Vile vyuma vinavyoshikilia ncha ya springi vimerefushwa? Hiyo ya mwisho watu hudanganywa nayo sana: ukirefusha kwa inchi 2, gari inainuka kama inchi 1 tu. Ukifanya hivyo mbele, pembe ya ekseli inabadilika na stelingi inaanza kutangatanga. Na ukipata kipande cha chuma kimewekwa chini ya springi za mbele, hiyo itolewe. Ukipiga breki kali, ekseli inajaribu kujipinda, na hicho kipande kinaipa nguvu zaidi ya kufanya hivyo.

Kama ni koili, na hiyo 80 ina koili pande zote nne, angalia kama kuna spesa juu ya springi, kisha tafuta namba kwa koili yenyewe. Fuata namba. Rangi hata mimi naweza kupaka.

Pajero za mwanzo wa miaka ya 1990 na Surf za kabla ya 1995 mbele zina tosheni ba, chuma kirefu kinachojisokota. Hapo fundi anakaza bolti na gari inainuka bila kununua speya. Inakaa kama ya bure, lakini umekula nafasi ya gurudumu kushuka kwa shimo. Shafti za mbele zinakaa kwa pembe kali, na viungo vyake na raba zake zinaisha mapema.

Halafu pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, pande zote nne. Usipime kutoka chini, tairi itakudanganya. Linganisha na gari ya modeli hiyo ambayo haijaguswa. Kama upande mmoja uko chini, pengine una springi iliyochoka, na hakuna inchi mpya itakayoiponya.

Ukweli mwingine wa kuuma: kwa gari yenye ekseli nzima, springi haiinui difu hata kidogo. Inainua chasisi. Difu inainuliwa na tairi, na tairi iliyo pana kwa inchi 2 kutoka juu hadi chini inakupa inchi 1 tu. Niliacha uni, lakini hiyo hesabu haihitaji digrii. Tena tairi kubwa inachosha breki, na mshale wa spidi unasoma chini ya spidi yako halisi. Uzito nao umepanda juu. Hebu fikiria unashuka Corner Baridi kuelekea Magadi, shangazi na watoto wako nyuma, na lori linakuja.

Najua mtu ataniambia kuhusu Rhino Charge. Poa. Tangu 1989, wale hutafuta vituo 13 ndani ya saa 10, na anayeshinda ni aliyefika vyote kwa umbali mfupi zaidi. Spidi haihesabiki. Gari zao zimejengwa kwa hiyo kazi. Yako inapita Naivasha Road kila asubuhi na kuingia tao.

Kwa hivyo pesa ifuate mpangilio huu. Kwanza bushi na shokamzoba; gari nyingi "laini" zinahitaji hizo tu. Pili, springi zinazolingana na mzigo unaobeba kweli. Kama huna winchi wala bampa ya chuma, springi za mzigo mzito zitakurusha tu. Inchi 2 zinatosha wengi wetu. Tatu, shokamzoba ziwe na urefu unaolingana na hizo springi, paipu za breki zisivutike gurudumu likishuka mwisho, na alaimenti ipimwe. Ukienda Kirinyaga Road, ile wazee bado wanaita Grogan, nenda na namba ya springi. Picha ya gari ya msee mwingine haitakusaidia.

Na tusiwalaumu mafundi kwa kila kitu. Fundi wa Kawangware ukimwambia "inua", atainua. Mwambie unabeba nini na unapita wapi, kisha mkimaliza andikeni kila kilichowekwa: namba, inchi, tarehe. Hiyo karatasi ikae ndani ya gari. Siku ukiuza, mpe anayenunua. Yeye pia ana shangazi.