Usipoziba ufa wa dashibodi…

Ikiwa gari lako limekula chumvi nyingi, huenda kila asubuhi unapoketi nyuma ya usukani ufa wa dashibodi hukukodolea macho. Ulianza kama unywele karibu na kioo cha mbele. Siku zikapita, ukawa upana wa kidole, na sasa sponji ya manjano inachungulia nje. Abiria wako hawasemi kitu, lakini wajua wameuona.

Usikimbilie kununua dashibodi nyingine. Hata ukiipata iliyotumika katika maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, kung'oa ile ya zamani na kufunga hiyo nyingine huchukua muda mrefu, na fundi asiye makini atakuachia nyaya zilizovurugika. Ufa wa kawaida waweza kuuziba mwenyewe nyumbani kwa gharama ndogo.

Kwanza mfahamu adui yako. Ni jua. Gari likiachwa juani madirisha yakiwa yamefungwa, joto la dashibodi laweza kupita nyuzi 70. Miaka inavyosonga, vilainisho vilivyotiwa katika plastiki kiwandani huvukizwa kidogo kidogo. Plastiki hukauka, hunywea na mwishowe hupasuka.

Pili, kabla hujagusa chochote, tazama ufa uko wapi. Magari mengi yana mfuko wa hewa wa kumkinga abiria wa mbele wakati wa ajali, nao hukaa ndani ya dashibodi mbele ya kiti chake. Tafuta herufi SRS. Ikiwa ufa uko juu ya kifuniko hicho au umekikaribia, weka vifaa chini. Mfuko huo hufumuka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na kitu chochote kigumu ulichobandika hapo kitarushwa usoni mwa mkeo, mumeo au mtoto wako. Hapo mtafute fundi anayeijua mifuko hiyo. Hilo si jambo la kubania shilingi.

Ikiwa ufa uko mahali pengine, basi kunja mikono ya shati.

Osha dashibodi kwa maji ya sabuni, iache ikauke, kisha pangusa kandokando ya ufa kwa kitambaa kilicholowa spiriti. Usiruke hatua hii. Yale mafuta ya kung'arisha ambayo umekuwa ukipaka hufanya fila ikatae kushika.

Toboa tundu dogo, kama milimita 2, kila mwisho wa ufa ili usiendelee kutambaa. Toboa ngozi ya juu tu, maana chini huenda kuna nyaya. Kisha chukua wembe ukate kingo zilizojikunja juu.

Sasa jaza fila. Jirani yangu mmoja alitumia ile gundi ya kushika papo hapo, na baada ya majuma machache ufa ukarudi na mwenzake. Gundi hiyo ikikauka huwa ngumu kama kioo, ilhali dashibodi hutanuka kwa joto na kunywea kwa baridi. Fila ya bodi ya mabati nayo ina kasoro iyo hiyo. Ulizia fila ya plastiki inayonyumbulika, ile mafundi wanayozibia bampa. Ipake kwa tabaka nyembamba, ukingoja kila moja ikauke kama ilivyoandikwa mkebeni. Fungua milango yote, maana harufu yake ni kali.

Ikikauka, sugua kwa msasa namba 180, kisha namba 320, hadi kidole kipite bila kukwama. Funga pua kwa kitambaa usivute vumbi. Halafu funika kioo, redio na vipimo kwa magazeti, upulize rangi ya plastiki, tabaka mbili au tatu nyepesi. Chagua rangi isiyong'aa. Dashibodi inayometameta hujionyesha katika kioo cha mbele, na adhuhuri huenda usimwone vyema anayevuka barabara.

Nikuambie ukweli: ukitazama kwa karibu utaona mahali palipozibwa. Hiyo ni kazi ya mkono, si ya kiwanda. Ikiwa nyufa ni nyingi mno, mwombe fundi wa kushona viti akukatie kitambaa kizito cha kutandika juu. Hata hicho kisifunike kifuniko cha mfuko wa hewa, wala matundu ya kupuliza hewa kiooni.

Kazi ikiisha, ilinde. Egesha kivulini. Pasipo na kivuli, weka kadibodi nyuma ya kioo cha mbele. Katoni kuukuu kutoka dukani inatosha, nayo haikugharimu kitu. Panguza vumbi kwa kitambaa chenye maji kidogo, na chupa ya mafuta ya kung'arisha uiache dukani.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye gari kuukuu aongeze jambo moja: kabla ya kuuziba, ajue nyuma ya ukuta huo kumelala nini.

Tukutane Jumapili ijayo.