MAFUTA YA MWANI: TUSIDANGANYANE

Nimeshika kalamu nitoe maoni yangu juu ya jambo lililozua kelele nyingi katika Chama cha Sayansi muhula uliopita. Wenzangu wanataka mradi wetu wa maonyesho ya sayansi uwe wa kutoa mafuta kwenye mwani, yaani kile kijani kitelezi cha maji yaliyotuama, ili yatumike badala ya dizeli. Mimi napinga. Najua nitaitwa msaliti, lakini wacha niseme.

Si kwamba jambo lenyewe ni uongo. Mwani una mafuta kweli, na kuna aina ambazo robo ya uzito wake mkavu ni mafuta. Njia ni kadhaa. Unaweza kuukausha ukaukamua kwa mashine kama alizeti. Unaweza kuuloweka katika heksani, ambayo huyeyusha mafuta, kisha heksani ikavukizwa na mafuta yakabaki. Wengine huvunja seli kwanza kwa mawimbi ya sauti. Mafuta yakishapatikana huchanganywa na methanoli na sodiamu haidroksaidi, ukapata dizeli na glisarini. Haya yote wenzangu wameyakariri vizuri sana. Shida ni kwamba wameanzia katikati. Hawakuanza na maji.

Mimi nilianza na maji. Mjomba wangu ana bwawa la samaki, moja ya yale yaliyochimbwa kila mahali wakati wa mpango wa serikali wa kufufua uchumi, 2009 na 2010. Samaki waliisha zamani, sasa ni kijani kitupu. Tulichota mitungi miwili ya lita 20, tukachuja kwa leso ya mama (hakuulizwa, na tulijuta). Maji yakapita, na kijani nacho kikapita! Kumbe seli za mwani ni ndogo kiasi kwamba leso kwake ni mlango wazi. Viwandani hutumia mashine ya kuzungusha kwa kasi, kama ile inayotenganisha malai na maziwa, na hiyo hula umeme. Kile kidogo kilichonasa tulikianika juu ya mabati. Saa nane mvua ya Kericho ikafika kama kawaida yake. Tulipata kitu kama kijiko kimoja. Mafuta, hata tone.

Hata kwa wataalamu, maji ya bwawa lita 1000 hutoa mwani mkavu wa nusu kilo hivi. Sasa hebu fikiria, wewe mtoto wa mkulima wa majani chai. Kwetu kilo nne na nusu hivi za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai, na kwa kukausha hayo tu unaona malori ya kuni yakipanga foleni kiwandani kutoka Litein mpaka Mogogosiek. Mwani je? Utaukausha kwa kuni gani?

Wamarekani walifanya utafiti huu kuanzia 1978 hadi 1996 wakasimamisha kwa sababu ya gharama. Kampuni ya Exxon ikaingia 2009, nayo ikajiondoa 2023. Ipo njia ya kupika mwani ukiwa na maji yake, kama sufuria ya presha lakini kwa nyuzi 300 hivi. Hiyo ndiyo naiona ina maana, ila maabara yetu ina jiko moja la gesi.

Nani amesahau mbono kaburi? Wakulima wa Kenya waliambiwa ni dhahabu ya kijani. Utafiti uliotolewa 2009, ambao ICRAF na KEFRI walishiriki, ukasema mbono haumlipi mkulima mdogo, labda aupande kama ua tu. Wakati huo watu walikuwa wameshapanda.

Mimi nasema mradi wetu uwe wa kuni. Jamani, msicheke! Mwaka jana baba alikata mikaratusi yake kulipa karo yangu, na lori likaibeba mbichi siku hiyo hiyo. Mkaratusi mbichi karibu nusu yake ni maji, kwa hiyo moto unafanya kazi ya kuchemsha mti kabla ya kukausha chai. Na kijito kilicho chini ya shamba letu, ambacho nyanya anasema hakikuwahi kukauka, siku hizi Januari ni mawe matupu. Yeye anailaumu mikaratusi. Kila gogo linalochomwa bure linataka mti mwingine upandwe.

Tuchukue kuni mbichi na kuni zilizokaa bandani miezi sita, uzito sawa, tuone zipi zitachemsha maji mengi zaidi, na kwa kiasi gani. Nyanya amekubali kutupa kona ya banda lake. Mwalimu wa fizikia naye amesema mizani ipo, ila haina betri.