Pointi 80 za bure: mzee kaonewa au kanuna tu?

Wiki hii nakuletea bolingi. Tafadhali usianze kukata kiuno, sijasema bolingo ya kina Kanda Bongo Man. Hii ni bolingi ya Wazungu, ule mchezo wa kuviringisha mpira mzito kwenye sakafu inayong'aa ili uangushe pini 10 zilizopangwa kule mbele kama chupa za soda. Sisi wengi tumeuona kwenye sinema tu. Lakini wiki hii umenihusu, maana umeingia kwenye ukoo wetu na umeleta ugomvi.

Kaka yangu, mtoto wa ba'mkubwa, anaishi Columbus, jimbo la Ohio, Marekani. Anafanya kazi ghalani, kupakia na kupakua. Mwezi Mei alinipigia simu saa kumi na moja alfajiri, kwao ikiwa saa nne usiku. Nikajua msiba. Nikakaa kitandani, moyo unanienda mbio.

"Dogo," akasema, "hivi mimi ni mwizi?"

Sasa utajibu nini swali kama hilo alfajiri? Nikamwambia, kaka, inategemea umeiba nini. Akasema hakuiba kitu, amepewa. Amepewa pointi 80.

Ilikuwa hivi. Wenzake wa ghalani wana timu ya bolingi na kila Jumanne jioni wanacheza ligi. Aliyemwingiza ni mzee mmoja Mmarekani, fundi mstaafu, wa timu nyingine ya ligi hiyo hiyo. Huyu mzee ndiye aliyemfundisha kaka jinsi ya kuushika mpira, vidole viwili na dole gumba, jinsi ya kupiga hatua, jinsi ya kuuachia. Akampa hata mpira wake wa zamani, bure kabisa. Kaka akawa anamwita Mzee, na Mzee akawa anamkaribisha nyumbani sikukuu zao.

Usiku wa mwisho wa msimu, timu ya kaka na ya Mzee zikakutana. Mchezo wa tatu ndio ulikuwa unaamua nani achukue fungu kubwa la mfuko wa zawadi. Mzee akaangusha pini za pointi 214. Kaka akapata 171. Kwa macho yako na yangu, kaka kafungwa, tena vibaya. Lakini ubao ukasoma: Mzee 227, kaka 251. Timu ya kaka ikabeba fedha. Kaka akamfuata Mzee kumpa mkono, Mzee akauacha mkono unaning'inia hewani, akafunga begi lake akaondoka.

Hesabu za namna gani hizo? Ndiyo hayo mambo ya handikapu, ndugu yangu. Nimekaa nayo siku kadhaa, nimemsumbua kaka kwa maswali hadi akaanza kutopokea simu. Ngoja nikupashe nilichoelewa.

Mchezo mmoja wa bolingi una raundi 10, na kila raundi una mitupo miwili ya kuangusha pini zote 10. Ukiziangusha zote kwa mtupo wa kwanza, hiyo ni straiki, unapata 10 pamoja na utakachopata kwenye mitupo miwili inayofuata. Ndio maana mtu akipiga straiki 12 mfululizo anapata 300, na juu ya hapo hakuna. Mtu wa kawaida anahangaika kwenye 130 au 150. Mkali anakaa kwenye 200 na ushee. Ukiwakutanisha hawa wawili hivi hivi, ni sawa na kumpambanisha mtoto wa chekechea na mwanajeshi. Mkali atashinda leo, kesho na keshokutwa.

Basi wakaona wamwekee mnyonge nyongeza. Mnachukua namba ya juu, tuseme 220. Mnatoa wastani wa mchezaji. Kinachobaki mnachukua asilimia fulani, ndiyo nyongeza yake kila mchezo. Ligi ya kaka inatumia asilimia 90 ya 220. Mzee ana wastani wa 205. Toa kwenye 220, inabaki 15, asilimia 90 yake ni 13 na nusu, nusu inatupwa, anapewa 13. Kaka wastani wake ulikuwa 131. Toa kwenye 220, inabaki 89, asilimia 90 yake anapewa 80. Ndio hizo 80 zilizoleta kizaazaa.

Neno lenyewe handikapu lina hadithi tamu. Uingereza karne ya 17 kulikuwa na mchezo wa kubadilishana vitu. Mimi nina koti, wewe una saa. Tunamwita mtu wa tatu aseme anayetoa kitu dhaifu aongeze kiasi gani. Kila mmoja anaweka hela kidogo kwenye kofia, mimi na wewe tunaingiza mikono humo, tunaitoa kwa pamoja kuonyesha kama tumekubali au tumekataa. Mkono ndani ya kofia, ndio jina lilikotoka. Baadaye likahamia kwenye mbio za farasi, ambako farasi mwenye kasi anabebeshwa uzito zaidi, na kwenye gofu, na huku kwenye bolingi. Kwa hiyo tangu mwanzo kazi ya huyo mtu wa tatu ilikuwa moja: apange mambo hadi pande zote mbili ziwe tayari kukubali. Mzee wa Columbus, yeye kauchomoa mkono kwenye kofia akiwa amekataa.

Sasa nani kaonewa? Mara ya kwanza nilimwonea huruma Mzee. Huku kwetu mtu akisaidiwa uwanjani tunasema amebebwa na mbeleko, na anayebebwa na mbeleko hatumheshimu. Mzee ametupa mpira miaka na miaka, mgongo umemuuma, amenunua mipira kwa hela zake. Halafu anakuja mtu aliyeanza Septemba, anawekewa pointi 80 kabla hata hajagusa mpira. Inauma, usiseme haiumi.

Lakini nikachukua kalamu. Mzee 205 na nyongeza 13 ni 218. Kaka 131 na 80 ni 211. Umeona? Kila mtu akicheza kiwango chake cha kawaida, Mzee bado anashinda kwa pointi 7 kila mchezo. Handikapu ya asilimia 90 haijamweka kaka mbele, imemsogeza tu karibu. Hata wakali wengine hawalioni hilo. Wanaona 80 dhidi ya 13 wanapiga kelele, kumbe mbeleko yenyewe ina tundu, na faida yao imo humo humo.

Na wakipunguza asilimia, tundu linazidi. Chukua mtu wa 200 na mtu wa 150, namba ya juu ikiwa 220. Kwa asilimia 80, wa kwanza anapata 16 na wa pili 56, jumla 216 kwa 206. Mkali yuko mbele kwa 10. Kwa asilimia 90 yuko mbele kwa 5. Ni kwa asilimia 100 tu ndipo wanakuwa 220 kwa 220, ngoma droo. Kuna na ujanja mwingine, wa kuweka namba ya juu ikiwa chini, labda 200. Hapo mwenye wastani wa 215 hapewi nyongeza, ila zile 15 zake za juu haziguswi na mtu. Ukisikia kikao cha ligi kinabishania namba hizi mwanzo wa msimu, usidhani ni hesabu za shule. Wanabishania hela.

Nikampigia kaka nikamwambia, wewe si mwizi, hesabu zinakutetea. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Dogo, Mzee hasemi kuhusu 80. Anasema mimi nilikuwa najificha."

Loo! Hapo ndipo penye kesi.

Kwenye bolingi hakuna tusi kubwa kama hilo. Kuna watu mwanzo wa msimu wanakosea makusudi, wanaacha pini rahisi zimesimama, wastani unashuka na nyongeza inapanda. Ikifika siku ya fedha, wanafungua makali. Wamarekani wana jina lao, watu wa mifuko ya mchanga. Chama chao cha bolingi, kilichozaliwa mwaka 2005 kwa kuunganisha vyama vya zamani kikiwemo kile cha mwaka 1895, kina sheria inayokataza mtu kushusha wastani wake kwa makusudi, na ukibainika unaweza kufungiwa uanachama. Kwa hiyo Mzee hakuwa amenuna kwa kushindwa tu. Alikuwa anamwita kaka tapeli, na neno kama hilo likiingia ghalani halitoki.

Nikamwomba kaka anitumie alama zake za msimu mzima. Jamaa alipiga picha karatasi zote. Nikakaa nazo na soda yangu. Septemba anapata 98, 107, 112. Desemba yuko kwenye 125. Februari 138. Aprili 149, 152, na siku moja 160. Zinapanda polepole kama mtu anayepanda mlima, leo kateleza, kesho kasonga. Mtu anayejificha hapandi hivyo. Yeye anakaa chini miezi sita, halafu anaruka ghafla siku ambayo kuna bahasha mezani.

Ila wastani unahesabu michezo yote tangu Septemba. Ulisema kaka ni mtu wa 131, wakati Mei hii kaka halisi alikuwa mtu wa 150. Weka 150 na zile 80 unapata 230. Mzee na 218 yake alikuwa nyuma kwa pointi 12 kabla hawajavaa viatu. Kwa hiyo Mzee alikuwa sahihi kwamba kuna kitu hakiko sawa, akakosea mtu wa kumlaumu. Aliyemfunga ni yeye mwenyewe, maana ndiye aliyemfundisha kaka kutupa mpira. Angemfundisha vibaya, angeshinda.

Maoni yangu mimi ambaye sijawahi kuugusa mpira wenyewe? Ligi ichukue wastani wa michezo ya karibuni badala ya msimu mzima, anayejifunza apunguziwe nyongeza kadiri anavyopanda. Na watenge fungu la zawadi kwa alama kavu, bila nyongeza, ili wakali wagombanie lao. Ligi nyingine zinafanya hivyo. Lakini kufuta handikapu kabisa, kama baadhi ya wakali wanavyotaka, hapana. Mnyonge analipa ada ya kila wiki sawa na mkali. Akijua fedha yake inakwenda mfukoni mwa mtu yule yule kila Mei, mwaka wa pili harudi. Na ligi zao hazina watu wa kupoteza. Profesa Robert Putnam wa Harvard ameandika kwamba kati ya 1980 na 1993 wachezaji wa bolingi Marekani waliongezeka kwa asilimia 10, lakini wanaocheza kwenye ligi walipungua kwa asilimia 40. Yeye hakulaumu handikapu, alilaumu mambo mengine kama televisheni. Mimi nasema tu, meli inayovuja haishushi mabaharia.

Kaka aliniuliza arudishe hela. Nikamwambia usirudishe, ukirudisha umekiri. Peleka zile karatasi kwa Mzee, mkae nazo. Akazipeleka. Mzee akavaa miwani, akazisoma kimya kurasa zote, akauliza swali moja tu: ile Februari nani alikufundisha kupiga pini ya kona? Kaka akajibu, wewe. Mzee akaenda jikoni akarudi na kahawa mbili. Hakuomba radhi, wazee ni wazee popote, ila Jumanne zimerudi.

Msimu mpya umeanza Septemba hii. Kaka sasa wastani wake ni 148, nyongeza 64. Kamvuta kwenye ligi kijana mmoja Mrundi wa pale pale ghalani, wanaongea Kiswahili siku nzima, akamfundisha kushika mpira. Kijana kaangukia timu nyingine. Ana wastani wa 97.

Juzi alfajiri simu ikalia tena.

"Dogo, hebu sikiliza. Huyu mtoto wamempa 110! Pointi 110, kweli hiyo ni haki?"

Nikamwambia, kaka, chukua kalamu. 97 na 110 ni 207. 148 na 64 ni 212. Bado unamzidi 5.

Akasema ataniambia baadaye, mtandao unasumbua. Mpaka naandika hapa hajapiga. Haya, tuonane wiki ijayo tukijaliwa.