Kijana Anapotaka Kuruka

Vijana wetu hawaombi tena baiskeli na pikipiki peke yake. Katika familia zinazoishi Mountain View, kando ya Waiyaki Way jijini Nairobi, huenda mzazi akaombwa paramota: bawa la kitambaa mfano wa parachuti, linalosukumwa na injini anayoibeba mrukaji mgongoni, yenye rafadha inayozunguka kama pangaboi. Mzazi hushtuka, akakataa papo hapo. Kijana naye aliyekatazwa bila kusikilizwa aweza kuagiza kwa siri chombo kilichokwisha kutumika, akajaribu peke yake. Hilo la pili ndilo tunalolihofia zaidi.

Hamu ya kuruka si ngeni katika historia ya Waislamu. Al-Maqqari, mwanahistoria wa karne ya 17, amesimulia habari za Abbas Ibn Firnas wa Kordoba, aliyefariki mwaka 887. Alijivika manyoya na mabawa, akapaa kitambo, kisha akaumia mgongo alipotua, kwa kuwa hakujitengenezea mkia. Kupaa, basi, ni nusu tu ya elimu.

Mwalimu wa kweli hampi mwanafunzi injini siku ya kwanza. Mwanafunzi husimama uwanjani na bawa tupu, akajifunza kuliinua kwa upepo, kulituliza juu ya kichwa na kuliangusha, tena na tena. Baadaye ndipo hubebeshwa injini akazoea kukimbia nayo, na hatimaye huruka huku mwalimu akimwongoza kwa redio. Nchini Kenya, Bonde la Kerio karibu na Iten limejulikana kwa kuruka bila injini. Tunashauri kijana akaonje huko kwanza, akiwa amefungwa pamoja na rubani mzoefu, kabla ya kununua hata kofia.

Ama vifaa, bei nafuu isiwe kigezo. Ukubwa wa bawa hupimwa kwa uzito wa mrukaji pamoja na mzigo wake, na injini peke yake yaweza kufika kilo 20 hadi 35. Jua hudhoofisha kitambaa hata kikionekana kizuri machoni, hivyo bawa kuukuu likaguliwe na fundi anayelijua. Kofia ngumu na parachuti ya akiba si mapambo. Tena Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa yake nyepesi hupunguza nguvu za injini na kumlazimu mrukaji akimbie kwa kasi zaidi kuliko Mombasa.

Hatari mbili tuzitaje wazi. Ya kwanza ni rafadha: wengi huumia mikono wanapowasha injini, wangali ardhini. Ya pili inawahusu ndugu zetu wa pwani: anayeangukia baharini huvutwa na uzito wa injini huku kamba za bawa zikimzinga, hata awe mwogeleaji hodari.

Binti naye asinyimwe kwa sababu ya vazi. Ovaroli pana iliyobana vifundoni yamsitiri na kumlinda. Mtandio uingizwe wote ndani ya ovaroli na kofia, kwani ncha inayopepea ikinaswa na rafadha ni msiba.

Kisha kuna sheria. Marekani haidai leseni kwa vyombo vyepesi vya mtu mmoja, na vijana husoma hayo wakadhani ndivyo ilivyo kila mahali. Anga ya Nairobi ina ndege za Wilson na za Jomo Kenyatta. Uwanja wa mtaani Mountain View si mahali pa kupaa. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya iulizwe kabla ya fedha kutolewa.

Wazazi wenzetu, kijana akileta ombi hili tumketishe, tumuulize: nani atakufundisha, nani amekikagua chombo, nani amekuruhusu kuruka hapo? Akiwa na majibu matatu yaliyo wazi, tumsikilize na twende naye tukamwone huyo mwalimu. Akikosa hata moja, asubiri. Na fedha zake zianze na mafunzo, si injini. Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, ardhini na angani.