Mgeni Aliyenyimwa Jembe



Kila yanapotajwa makambi ya Kigoma, mjadala wetu unagawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza linasema wakimbizi wametuharibia nchi: misitu imekwisha, ujambazi umezidi, zahanati zimejaa. Kundi la pili linatukumbusha Mwalimu, Tuzo ya Nansen aliyopewa mwaka 1983, na ukarimu wa Mtanzania. Moja linahesabu hasara tu, jingine linahesabu sifa tu. Mimi naandika kutoka DeSoto, mji ulioko kusini mwa Dallas, na leo naomba tufanye hesabu nzima. Mkimbizi akifika, nani analipa? Nani anafaidi? Na ni kitu gani kinachoamua?

Tuanzie Ngara. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka mpaka pale Rusumo. Benaco ikageuka mji mkubwa kwa usiku mmoja. Baada ya muda mfupi wakimbizi wakawa wengi kuliko wenyeji wa wilaya. Miti ilikatwa kwa kuni na kujengea, mazao yaliibiwa mashambani, na silaha nazo zilivuka pamoja na watu. Haya yalitokea, na anayeyakana anawakosea watu wa Ngara. Desemba 1996 serikali na UNHCR wakatangaza kwamba Wanyarwanda warudi kwao ifikapo mwisho wa mwezi huo, na wengi wao wakaondoka.

Lakini hesabu haiishii hapo. Mkimbizi alipewa mahindi ya mgawo, naye alitaka ndizi. Aliyekuwa na mgomba akauza kwa bei ambayo hakuwahi kuiota. Aliyekuwa na shamba kubwa akapata vibarua wa bei rahisi, kwa sababu mtu anayelishwa na mgawo anakubali ujira mdogo. Wafanyabiashara walifungua maduka, vijana wenye elimu wakaajiriwa na mashirika. Sasa mtazameni jirani yao ambaye hana shamba la kutosha na anaishi kwa kulima shamba la mwenzake. Ujira wake umeshuka, na ndizi anazonunua zimepanda bei.

Wachumi Jean-François Maystadt na Philip Verwimp walitumia takwimu za kaya za Kagera zilizohojiwa kabla na baada ya wakimbizi kufika. Walichokuta ndicho hicho: wakulima wanaojitegemea walinufaika, vibarua wa mashambani waliumia. Baadaye Maystadt na Gilles Duranton walionyesha kwamba faida kwa maeneo yaliyopokea wakimbizi ilidumu miaka mingi baada ya Wanyarwanda kuondoka, na sababu kubwa ni barabara. Barabara zilizotengenezwa ili malori ya chakula yapite zilibaki, na mwenyeji anazitumia kupeleka mazao sokoni.

Kwa hiyo anayesema "wenyeji wameumia" na anayesema "wenyeji wamefaidika" wote wana ukweli. Wanazungumzia wenyeji tofauti.

Msidhani haya ni ya Afrika tu. Wavietnamu walipokimbilia Texas baada ya vita yao kwisha mwaka 1975, wengi walikwenda pwani kuvua kaa na kamba, kazi ile ile ya wavuvi Wazungu maskini waliowakuta. Mwaka 1979 ugomvi wa maeneo ya kuvua katika mji wa Seadrift ulimalizika kwa mvuvi mmoja Mzungu kuuawa na mashua za Wavietnamu kuchomwa moto. Mwaka 1981 Ku Klux Klan wakaingilia na kuwatisha Wavietnamu wa Galveston Bay, mpaka mahakama ya shirikisho ikawapiga marufuku. Leo nenda Bellaire Boulevard, Houston, uone maduka ya Wavietnamu yalivyopangana. Lakini yule mvuvi wa Seadrift aliyehofia riziki yake ni ndugu wa kibarua wa Ngara. Wote wawili hakuna aliyekaa nao mapema kuwauliza watakula nini.

Sasa tuje kwa Wakongo. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996. Kwa Sheria ya Wakimbizi ya 1998, mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini bila kibali. Mtoto aliyezaliwa humo amekua, ameoa, amepata watoto, bado anasubiri mgawo. Mtu huyo huyo alipohamishiwa Dallas au Houston alikuwa na haki ya kufanya kazi tangu siku aliyofika. Alikuwa na miezi michache tu ya kusaidiwa, kisha anajitegemea, na nauli ya ndege aliikopeshwa, anairudisha. Ndugu hawa tunakutana nao kwenye maghala, mahotelini na makanisani, tunaongea nao Kiswahili. Wanalipa kodi ya nyumba na kodi ya serikali. Ripoti ya Wizara ya Afya ya Marekani ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba kati ya 2005 na 2019 wakimbizi na waliopewa hifadhi walichangia dola bilioni 123.8 zaidi ya walichogharimu serikali za ngazi zote.

Ni mtu yule yule. Kilichobadilika ni sheria. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi mgeni tumemweka zaidi ya siku elfu kumi, na jembe tumelificha, halafu tunalalamika kwamba ni mzigo.

Na si kwamba hatujui kufanya vizuri. Warundi wa mwaka 1972 walipewa ardhi Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Walilima, wakalisha na wengine, wakalipa kodi. Zaidi ya 160,000 walikubaliwa uraia, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014. Kisha tukarudi nyuma. Mwaka 2017 tulisimamisha mpango wa kuwapa wakimbizi wa Nyarugusu fedha badala ya chakula. Mapema 2018 tulijitoa kwenye mpango wa kimataifa ambao ungeleta fedha kwa wakimbizi na wenyeji pamoja. Masoko ya pamoja yakafungwa. Aliyeumia ni mkimbizi, ndiyo, lakini pia mama wa Kibondo aliyekuwa akibeba ndizi zake kwenda soko lile.

Wapo watakaoniuliza: na usalama je? Swali ni la haki. Lakini mtu mwenye kibali chenye jina na picha, anayejulikana anapofanyia kazi, ni rahisi kumfuatilia kuliko anayetoroka usiku kwenda kutafuta kibarua. Na ardhi je? Sijasema tugawe ardhi. Uganda inagawa viwanja, na wakimbizi walivyozidi milioni 1.5 viwanja vimekuwa vidogo mno. Nasema hivi:

1. Masoko ya pamoja yafunguliwe, na mkimbizi apewe kibali cha kazi na biashara ndani ya mkoa.

2. Ujira wa chini usimamiwe kwa wote, ili kibarua mwenyeji asishindanishwe na mtu anayelishwa na mgawo.

3. Sehemu ya msaada wa wafadhili itengwe kwa barabara, maji, zahanati na nishati ya kupikia kwenye vijiji vinavyozunguka kambi, na wanavijiji waoneshwe hesabu zake.

Neno la mwisho ni kwetu tulioko nje. Gavana wa Texas alipotangaza Januari 2020 kwamba jimbo halitapokea wakimbizi wapya, tulipiga kelele, na mahakama ilipomzuia tulishangilia. Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha mpango mzima tulihuzunika, maana familia zilizokuwa zimekwisha kupita usaili zilikwama kambini. Lakini zikija habari za Warundi kushinikizwa kurudi kwao, wengi wetu hao hao tunaandika "waondoke tu". Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Haki tunayoidai Dallas tuitetee na Kasulu, na tuwe wa kwanza kumuulizia yule kibarua mwenyeji, maana yeye ndiye anayelipa gharama ya ukarimu tunaojisifia.

Naomba kutoa hoja.