Mbio Ndefu za Baiskeli: Mwili Utangulie Chombo

Wilaya ya Chemba, iliyomegwa kutoka Kondoa mwaka 2012, ina waendesha baiskeli hodari ambao hawajioni kuwa wanamichezo. Kijana anayepakia madumu ya maji juu ya Phoenix nzito isiyo na gia, akavuka makorongo ya mchanga chini ya jua la Oktoba, amekwisha kujenga miguu na subira. Wilayani humo hupita barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, yenye kilomita 251, iliyozinduliwa mwaka 2018. Ni sehemu ya njia kuu ya Cape Town hadi Cairo, na washiriki wa Tour d'Afrique, safari ya takribani kilomita 12,000 iliyoanza mwaka 2003, wamewahi kuipita nchi hii ya kati. Kijana akitamani mbio za namna hiyo, wengi watamwambia kwamba anachokosa ni baiskeli ya bei kubwa. Ushauri huo una hatari, kwa sababu unaelekeza fedha kidogo zilizopo mahali pasipo na tatizo.

Katika mbio ndefu, kinachomshusha mtu njiani mara nyingi ni jambo dogo lililorudiwa mno. Anayezungusha pedeli mara 80 kwa dakika kwa saa 12 hukunja kila goti mara 57,600. Kiti kilichokaa chini mno kitaliumiza goti hilo, hata kama fremu ni nyepesi kama unyoya. Kipimo cha kuanzia ni rahisi: pedeli ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjwa kidogo, yapata digrii 25 hadi 35. Marekebisho hayo yanahitaji spana tu. Baada ya kiti, zifuate tairi pana zisizojazwa upepo kupita kiasi, kwani hupunguza mtikisiko kwenye changarawe. Kisha kofia ngumu na taa za mbele na nyuma. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa na Olivier na Creighton mwaka 2016 ulionesha kwamba uvaaji wa kofia ngumu unahusiana na upungufu wa asilimia 69 wa uwezekano wa majeraha makubwa ya kichwa kwa waendeshaji walioumia.

Mazoezi nayo yaheshimu mwili. Umbali uongezwe polepole kwa miezi, pawepo siku za kupumzika, na chakula cha safarini, kama viazi, ndizi na karanga, kijaribiwe mapema. Mtu atokaye mahali pa baridi ahitaji wiki moja hadi mbili kuzoea joto la Dodoma. Ganzi ya kidole cha mwisho na cha pete huashiria neva iliyobanwa kiganjani. Ganzi ya sehemu za siri huashiria kiti kisichofaa. Yote mawili yasemwe bila haya. Mwenye historia ya kuzimia au maumivu ya kifua wakati wa mazoezi amwone daktari kabla ya kuanza. Vidonge vya diklofenaki visitumiwe kuficha maumivu, maana kwa mtu aliyepungukiwa maji vinaweza kudhuru figo.

Kwa mhudumu wa zahanati, mtihani mkubwa ni mwendeshaji anayeletwa akiwa amechanganyikiwa. Huenda amepatwa na kiharusi cha joto: joto la mwili likizidi nyuzi 40, apozwe kwa maji na upepo papo hapo, na rufaa ifuate. Lakini huenda pia amekunywa maji mengi kuliko mahitaji hadi chumvi ya damu ikashuka. Huyo huumwa kichwa, hutapika, na uzito wake huweza kuwa umeongezeka. Kumlazimisha kunywa zaidi, au kumtundikia dripu kwa mazoea, kunaweza kumuua. Apelekwe haraka penye maabara. Kanuni ya njiani ni kunywa kwa kiu, na kuambatanisha maji na chakula chenye chumvi.

Hata hivyo, hakuna kifaa kinachochukua nafasi ya usingizi. Utafiti wa Williamson na Feyer wa mwaka 2000 ulionesha kwamba mtu aliyekesha saa 17 hadi 19 hutenda sawa na, au vibaya kuliko, mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu. Katika mbio ambazo saa haisimami, anayelala kidogo ndiye anayeongoza, na gizani barabara huwa ni ya malori. Mwingereza Mike Hall, mmoja wa waendeshaji wakubwa wa mbio hizi, aligongwa na gari akafariki kabla ya mapambazuko tarehe 31 Machi 2017, akiwa mbioni nchini Australia. Ujuzi na uzoefu wake vyote havikumkinga na hatari ya barabara wakati wa giza.

Kwa hiyo, mbio zozote zitakazopita Chemba zigawanywe kwa siku, kila mtu alale usiku, na zahanati za njiani zijulishwe mapema. Familia na makocha wamnunulie kijana kofia na taa kabla ya fremu. Miguu ya Chemba ipo tayari. Kinachotakiwa ni kuirudisha nyumbani salama.