Mpira Usioandikwa

Wapo watu, na baadhi yao ni rafiki zangu, wasemao kwamba kuandika takwimu za mchezo ni kazi ya Wazungu wasio na shughuli. Mpira wetu, wanadai, tunauhifadhi kichwani. Nawapinga, wala siwaonei haya.

Tuanze na korosho, maana hapa Mnyambe hoja isiyopitia kwenye korosho haifiki mbali. Ni mkulima gani wa Newala apelekaye magunia yake chama cha msingi, akaona yanapimwa, kisha akarudi nyumbani bila stakabadhi, eti karani atazikumbuka kilo? Hayupo. Kumbe tunajua vizuri kwamba kichwa cha mtu si ghala. Ila likija suala la vijana wetu waliomwaga jasho uwanjani, ghafla tunakiamini kichwa!

Sasa sikiliza habari ya mbali. Tarehe 2 Oktoba 1908, mjini Cleveland, Marekani, ilichezwa mechi ya besiboli, mchezo ambao mmoja hurusha mpira na mwingine huupiga kwa gongo, kisha hukimbilia vituo. Mrushaji wa Cleveland, Addie Joss, alikabiliana na wapigaji 27 mfululizo wa Chicago, na hakuna hata mmoja aliyefika kituo cha kwanza. Alirusha mara 74 tu. Mrushaji wa Chicago, Ed Walsh, naye alimtoa mpigaji mara 15 kwa urushaji wake peke yake, na bado timu yake ikafungwa 1-0. Joss alifariki mwaka 1911 akiwa na miaka 31. Hakuzeeka akakaa barazani kuwasimulia wajukuu. Walioitazama mechi ile wamekwisha wote. Lakini mimi, mtu wa uwanda wa Makonde nisiyewahi kulishika gongo hilo, naijua kuliko fainali yoyote iliyochezwa kijijini kwangu.

Mwaka huo huo Mjerumani alikuwa akituhesabu sisi kwa ajili ya kodi. Pengine ndiyo sababu mpaka leo hesabu inatutia mashaka.

Mtaniambia takwimu nazo hukosea. Naam, hukosea! Mwaka 1910 Ty Cobb wa Detroit alihesabiwa bingwa wa upigaji, akimzidi kwa nukta Napoleon Lajoie wa Cleveland. Mwaka 1981 ilichapishwa habari kwamba mechi moja ya Cobb iliingizwa daftarini mara mbili. Wakubwa wa mchezo walikataa kumvua taji, na ubishi haujaisha. Lakini kosa lilionekana kwa kuwa liliandikwa. Kosa la kichwani atalikagua nani? Niliwahi kuwasikiliza wazee wawili wakibishana juu ya fainali ya kugombea mbuzi. Mmoja alisema ilikwisha 3-1, mwenzake akaapa kuwa ilivunjwa na giza. Wote wawili walikuwapo uwanjani. Walichokubaliana ni kwamba mbuzi aliliwa.

Simba walipoifunga Yanga 6-0 mwaka 1977, Abdallah Kibadeni alifunga matatu, na mtoto wa Kitangari aliyezaliwa juzi anakutajia. Waandishi wa magazeti walikuwapo. Kwetu hawatakuja. Basi kijana wetu akienda Mtwara kujaribiwa, akaulizwa amefunga mangapi, hujibu, "Mengi." Mengi si idadi, na anayeulizwa baada yake ana karatasi mkononi.

Kaunta buku moja yatosha msimu mzima. Iandikwe tarehe, uwanja, refa, wafungaji na dakika zao, na majina ya wachezaji wote 22 kama yalivyo, si lakabu, maana akina Maradona tumekuwa nao wengi mno. Buku lisikae kwa katibu wa timu, kwani katibu naye ana upande. Likae shuleni. Na mwandishi awe karani wa mizani, ambaye msimu wa korosho ukiisha hana kazi na mkono wake umezoea tarakimu.